Ulilipa Jumatano, Kwao Inaonekana Jumanne: Jinsi ya Kusoma Saa ya Muamala

Kuna swali moja ambalo hutufikia mara kwa mara kwenye huduma kwa wateja, na kila mtu hulileta kwa maneno yake: "Meseji yangu inasema nimelipa leo. Mbona niliyemlipa anasema kwake inaonyesha jana?"

Ukiona hivyo, si ajabu moyo kushtuka. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kwamba umeibiwa, au kuna mtu amechezea rekodi. Wakati mwingine ni kweli kuna mchezo, na tutafika huko. Lakini mara nyingi pesa iko mahali pake, saa yenyewe ni sahihi, na hakuna aliyegusa rekodi. Kilichotofautiana ni jinsi saa hiyo moja ilivyoandikwa kwenye skrini mbili.

Kwa hivyo leo tunakupeleka nyuma ya kaunta. Tutaona mfumo unavyohifadhi wakati, fundi anavyouona kwenye kompyuta yake, na kwa nini mpangilio mmoja mdogo unaweza kumfanya keshia akwambie pesa haipo ilhali ipo. Katikati kuna amri chache za kompyuta kwa ajili ya wenye biashara na vijana wanaowatengenezea mifumo. Kama wewe kazi yako ni kutuma na kupokea tu, usiogope kuzipitia. Hakuna mtihani mwishoni.

Namba moja, tarehe mbili

Kompyuta haihifadhi maneno kama "Jumatano saa saba usiku". Inahesabu. Mifumo mingi huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita kamili usiku kwa saa ya UTC. Hiyo UTC ndiyo saa ya marejeo ambayo dunia nzima hupimia saa zake. Sisi Kenya tuko saa tatu mbele yake, mwaka mzima, bila kusogeza mishale kama wanavyofanya Uingereza kila Machi na Oktoba. Tanzania, Uganda na Ethiopia wako na sisi kwenye saa tatu hizo. (Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya miaka ya 1940 Kenya iliwahi kuwa saa mbili na dakika 45 mbele. Hebu fikiria kupiga hesabu ya hiyo kila siku.)

Sasa chukua namba hii: 1700000000. Ni sekunde bilioni moja na milioni mia saba tangu mwanzo ule wa 1970. Ukiisoma kwa UTC, ni Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, 22:13:20, yaani saa nne na dakika 13 usiku. Ukiisoma kwa saa ya Nairobi, ni Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, 01:13:20, saa saba na dakika 13 usiku. Ni sekunde ile ile. Mtu akibonyeza "tuma" sekunde hiyo, amelipa mara moja tu, lakini kuna skrini itakayosema Jumanne na nyingine itakayosema Jumatano, na zote mbili zitakuwa zinasema kweli.

Congo wanaijua vizuri hali hii, maana nchi yao ina saa mbili. Sekunde hiyo, aliyeko Goma alikuwa tayari ameingia Jumatano, saa sita na dakika 13 usiku, na aliyeko Kinshasa bado alikuwa Jumanne, saa tano na dakika 13 usiku. Na kama una ndugu London aliyekutumia pesa wakati huo huo, kwake ilikuwa Jumanne saa nne usiku, kwako alfajiri ya Jumatano inakaribia. Msigombane bure juu ya siku aliyotuma.

Kanuni yenyewe ni rahisi kukumbuka: muamala wowote unaofanywa Kenya kati ya saa sita kamili usiku na saa tisa usiku, ukionyeshwa kwa UTC, utaonekana umefanyika jana yake. Mchana hutaona tofauti ya tarehe, utaona tu saa zimepungua tatu. Ndiyo sababu tatizo hili huwapata zaidi watu wa usiku: madereva wa masafa, wauguzi, wenye klabu, mabodaboda wa zamu ya usiku, na yeyote aliyeamshwa na dharura.

Tuseme mama amempeleka mtoto hospitali usiku wa manane. Anaambiwa aweke amana kabla mtoto hajalazwa. Analipa kwa paybill, meseji inaingia, saa saba na dakika 13 usiku. Anaenda kwa keshia.

"Mama, hela haijaingia."

"Imeingia, dada. Hii hapa meseji."

Keshia anatazama tena orodha ya malipo ya leo. Kweli, haipo. Hamdanganyi mama, na wala si mvivu. Orodha yake inaonyesha "leo" kwa UTC, na kwa UTC leo bado haijaanza. Itaanza saa tisa usiku. Malipo ya mama yamekaa kwenye orodha ya jana, yameandikwa 22:13. Kama hakuna anayejua hilo, mama ana njia mbili mbele yake, na zote mbaya: asubiri mtoto akiwa kwenye benchi, au alipe mara ya pili.

Tunataja kisa cha aina hii kwa sababu watu wakisikia "mpangilio wa saa" hudhani ni mambo ya urembo tu, kama kuchagua rangi ya skrini.

Ndani ya dirisha jeusi

Malalamiko ya wakati yakimfikia fundi wa mifumo, mara nyingi hatumii ile programu yenye vitufe unayoiona wewe. Hufungua dirisha jeusi la kuandika amri na kuiuliza hifadhidata moja kwa moja. Hapo ndipo saa huonekana ikiwa karibu zaidi na ilivyohifadhiwa. Lakini karibu tu. Hata dirisha hilo lina mipangilio yake, na kile linachoonyesha hutegemea nani aliliweka vipi.

PostgreSQL ni hifadhidata ya bure inayotumiwa na biashara nyingi, na dirisha lake la amri huitwa psql. Kama una kijana anayekutunzia mfumo, mwambie ajaribu hili mbele yako:

SET TIME ZONE 'UTC';
SELECT to_timestamp(1700000000);

Jibu litakuwa 2023-11-14 22:13:20+00. Kisha aandike:

SET TIME ZONE 'Africa/Nairobi';
SELECT to_timestamp(1700000000);

Sasa jibu ni 2023-11-15 01:13:20+03. Namba haijabadilika, hakuna kilichoandikwa upya kwenye hifadhidata. Tazama zile tarakimu za mwisho, +00 na +03. Hizo ndizo zinazokwambia unasoma saa ya wapi. Kwa maoni yetu ndizo tarakimu muhimu kuliko zote kwenye mstari huo, na cha kusikitisha ni kwamba ndizo watu hukimbilia kuziondoa ili ripoti "ipendeze".

Kuna mpangilio wa pili unaoitwa datestyle, ambao hugusa mpangilio wa siku, mwezi na mwaka. Akiandika SET datestyle TO 'SQL, DMY'. Wakati ule ule utaonekana 15/11/2023 01:13:20 EAT. Akibadilisha DMY kuwa MDY, utaonekana 11/15/2023 01:13:20 EAT, kwa mtindo wa Marekani. Hapa hakuna wa kuchanganyikiwa, maana hakuna mwezi wa 15. Ngoja ufike tarehe tano mwezi wa kumi na moja. 05/11/2023 kwa mtindo mmoja ni Novemba, kwa mwingine ni Mei. Na datestyle haiishii kwenye kuonyesha: fundi akiandika 05/11/2023 wakati anatafuta malipo yako, hifadhidata itaisoma kwa mtindo uliowekwa. Mpangilio ukiwa MDY, atatafuta tarehe 11 Mei, hatapata kitu, na atakurudishia jibu kwa uhakika kabisa kwamba siku hiyo hukulipa.

Dawa yake ni kuandika mwaka kwanza, 2023-11-05. Huu ndio mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, na una faida nyingine ndogo tunayoipenda: ukipanga orodha kwa herufi tu, tarehe zinajipanga zenyewe kutoka ya zamani hadi ya karibuni.

Mtego mmoja wa psql unastahili kutajwa peke yake kwa sababu unaonekana mwerevu. Mtu anajua Kenya ni saa tatu mbele, kwa hivyo anaandika SET TIME ZONE 'UTC+3'. Halafu anashangaa kuona 2023-11-14 19:13:20-03. Saa imerudi nyuma badala ya kwenda mbele! Sababu ni kwamba maandishi ya namna hiyo hufuata desturi ya zamani ya kompyuta ambapo alama ya kujumlisha humaanisha magharibi mwa Greenwich. Amejikuta katikati ya Atlantiki, na tofauti na Nairobi imekuwa saa sita. Andika 'Africa/Nairobi' na usihangaike na alama.

Ili keshia au mhasibu asilazimike kukumbuka amri hii kila asubuhi, fundi anaweza kumwekea mpangilio kwenye akaunti yake ya hifadhidata mara moja:

ALTER ROLE keshia SET timezone TO 'Africa/Nairobi';

Kuanzia atakapoingia tena, kila wakati atauona kwa saa ya hapa nyumbani. Kazi ya dakika moja, na yule mama wa hospitali asingesubiri.

Kwa wanaotumia MySQL, amri ni SET time_zone = '+03:00'; na huko alama ya kujumlisha inamaanisha kujumlisha kweli. Ila angalia aina ya safu. Kwenye MySQL, safu ya TIMESTAMP husogea ukibadilisha saa za eneo, na ya DATETIME haisogei. Kwenye PostgreSQL, safu ya timestamp tupu haisogei, inayosogea ni timestamptz. Ndiyo, neno moja, tabia mbili tofauti. Kabla ya kubadilisha chochote, fundi aulize kwanza safu ni ya aina gani, kisha ajaribu na muamala mmoja ambao meseji yake anayo mkononi.

Cassandra, ambayo hutumiwa na mifumo yenye miamala mingi sana, ina dirisha lake liitwalo cqlsh. Yenyewe huhesabu kwa milisekunde, si sekunde, kwa hivyo wakati wetu ule huko ni 1700000000000. Mtu akisahau tofauti hiyo matokeo yake hujitangaza yenyewe: sekunde zikisomwa kama milisekunde, malipo ya 2023 yanageuka kuwa ya tarehe 20 Januari 1970. Ukiona risiti au ripoti yenye Januari 1970, usitafute mwizi. Mwambie aliyetengeneza mfumo aongeze sufuri tatu.

Kwenye cqlsh, muundo wa wakati huwekwa kwenye faili ya mipangilio iitwayo cqlshrc, katika sehemu ya ui, pamoja na saa za eneo. Muundo huandikwa kwa alama: %d ni siku, %m ni mwezi, %Y ni mwaka, %H ni saa kwa mtindo wa saa 24, %M ni dakika, %S ni sekunde, na %z ni ile tofauti na UTC. Sasa ona jinsi herufi ndogo na kubwa zinavyoweza kuleta vurugu. Fundi akiandika %d/%M/%Y badala ya %d/%m/%Y, dakika zinakaa mahali pa mwezi, na malipo yetu yanatoka 15/13/2023. Mwezi wa kumi na tatu! Huo angalau utaonekana. Kama yangefanywa saa saba na dakika sita usiku yangetoka 15/06/2023, tarehe safi kabisa, isiyo na shaka, na ya uongo.

Kosa lingine la kimya ni %I, ambayo hutoa saa kwa mtindo wa saa 12. Ukiitumia bila kuongeza %p, ile inayoleta AM na PM, basi 01:13 ya usiku na 01:13 ya mchana zinafanana kama mapacha. Kwa biashara iliyo wazi mchana na usiku, nusu ya maelezo imepotea hapo.

Kuna jambo kwenye cqlsh ambalo mtu aliyezoea psql halitegemei. Kwenye psql, ukiweka saa za Nairobi, zinatawala unachoona na pia unachotafuta: ukiomba malipo ya tarehe 15, hesabu inaanza saa sita usiku ya Nairobi. Kwenye cqlsh, saa za eneo ulizoweka zinabadilisha unachoona tu. Tarehe unayoandika kwenye utafutaji bila kutaja saa za eneo husomwa na seva kwa saa ya seva. Kwa hivyo fundi anaweza kuona kwa macho yake 2023-11-15 01:13, akaomba "kuanzia 2023-11-15", na mstari huo ukatoweka, kwa sababu seva iko kwenye UTC na kwake tarehe 15 inaanza saa tisa usiku ya kwetu. Njia ni kuandika saa za eneo kila mara: '2023-11-15 00:00:00+0300'. Inachosha kuandika. Inachosha zaidi kumweleza mteja kwa nini hukumwona.

Kama umeunganisha biashara yako na Daraja ya Safaricom, utakuwa umekutana na wakati ulioandikwa kama tarakimu 14 zilizoshikana, mfano 20231115011320. Ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kwa mpangilio huo. Hakuna alama ya saa za eneo ndani yake, kwa hivyo mfumo wako ndio lazima ujue kuwa ni saa ya Kenya unapoihifadhi. Ukiihifadhi kama UTC, umesogeza mauzo yako yote saa tatu, na itakuchukua muda kugundua kwa sababu kila kitu kinaonekana kiko sawa sawa.

Mwisho wa mwezi na faili ya Excel

Mahali ambapo saa tatu hizi huumiza mfuko ni kwenye hesabu za mwezi. Malipo ya tarehe 1 Desemba, 01:30 usiku, kwa UTC ni 30 Novemba, 22:30. Ukifunga hesabu za Novemba kwa ripoti ya UTC, umebeba mauzo ya Desemba. Anayelipa VAT hupeleka hesabu zake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hesabu hiyo ikitofautiana na stetimenti, maelezo utatoa wewe. Kwa duka linalofunga saa mbili usiku haina neno. Kwa klabu ambayo usiku wa kuamkia tarehe moja ndio usiku wao mkubwa, ni pesa nyingi.

Halafu kuna Excel. Ukipakua stetimenti kama faili ya CSV na kuifungua kwa kubofya tu, Excel husoma tarehe kwa mipangilio ya kompyuta yako. Kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye mtindo wa Marekani. Basi 03/04/2024, ambayo kwetu ni tarehe tatu Aprili, inageuka kuwa Machi nne. Tarehe 13 na kuendelea Excel inashindwa kuzigeuza, inaziacha kama maandishi. Dalili ndiyo hiyo: ukiona baadhi ya tarehe zimeegemea kulia kwenye safu na nyingine kushoto, acha kazi hapo hapo. Usipige jumla. Rekebisha mipangilio ya eneo ya kompyuta iwe Kenya, kisha ufungue faili upya. Na ukiwa hapo, safu ya namba za simu iweke kuwa maandishi, la sivyo namba zinazoanza na 254 zitatoka kama 2.547E+11 na hutajua ni mteja yupi.

"Nilituma saa nane"

Sasa turudi kwa sisi wote, wenye hifadhidata na wasio nayo, maana kuna mchanganyiko mmoja ambao hakuna fundi atakayeurekebisha. Ni wa Kiswahili chetu wenyewe.

Mteja anapiga simu: "Nilituma saa nane." Kwa Kiswahili sanifu ni 2:00, ya mchana au ya usiku. Lakini wengi wetu tunasoma skrini na kutamka namba tunayoiona, kwa hivyo 8:05 AM inatamkwa "saa nane na dakika tano" badala ya saa mbili na dakika tano asubuhi. Tayari tuna saa nne za kuangalia: 2:00 usiku, 8:00 asubuhi, 2:00 mchana, 8:00 usiku. Hatumlaumu mtu. Tunaishi kwa saa mbili kichwani, moja ya shule na kazini, nyingine ya nyumbani, na tunazibadilisha bila kufikiri.

Usiku nao una siku zake. Mtu akisema alilipa "Jumanne usiku" akimaanisha 1:00 AM, kwake Jumanne haijaisha kwa sababu hajalala. Kwa mfumo ni Jumatano tangu saa sita. Pwani wazee husema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, maana siku kwao huanza jua likitua. Kiswahili kimetupa maneno yanayomaliza ubishi huu wote: usiku wa kuamkia Jumatano. Ukisema hivyo, hakuna wa kukuelewa vibaya.

Angalia pia ni saa ipi unayosoma kwenye simu yako. Meseji ya muamala ina saa mbili. Iliyo ndani ya maandishi ni wakati muamala ulipofanyika kwenye mfumo. Ile ndogo inayowekwa na simu, kando au juu ya meseji, ni wakati meseji ilipofika. Mtandao ukiwa mbovu, au simu ikiwa imezimwa, zinaweza kutofautiana kwa masaa. Kwenye mzozo wowote, inayohesabika ni ya ndani. Lakini wewe mwenye duka, kumbuka kwamba maandishi ya ndani yanaweza kuandikwa na mtu yeyote. Mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake, saa yake iwe nzuri namna gani, thibitisha kwenye orodha yako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo. Na kama haimo kwenye ya leo na ni usiku, tazama ya jana kabla hujamwita mtu tapeli.

Ukiwa wewe ndiye uliyelipa na unaambiwa haijaonekana, usilipe mara ya pili kabla ya kumwomba keshia atafute kwa namba ya muamala. Zile herufi na tarakimu mwanzoni mwa meseji hazina Jumanne wala Jumatano, hazina AM wala PM, na hazijui UTC. Ni zile zile kwenye kila skrini. Akikosa hata kwa namba hiyo, tuandikie kupitia sehemu ya msaada kwenye programu. Nakili meseji yote kama ilivyo, usiifupishe, usiigeuze saa kuwa ya Kiswahili wala kutoka Kiswahili, na uongeze mstari mmoja wa kwako, kama huu: "Nililipa usiku wa kuamkia Jumatano, nikiwa Kenya. Aliyelipwa anasema kwake inaonyesha Jumanne 22:13." Mtu wetu akisoma mstari huo atajua aanzie wapi.